Amerikani, Hollandais: jina la kitambaa linasema nini?



Kuko neno moja ambalo wazee wetu wanalitumia bila kuwaza: amerikani. Ni kile kitambaa cheupe cha pamba, kisicho na maua. Kumbe ni jina la inchi.

Mwaka 1833 Marekani na Sultani Seyyid Said walifanya mapatano ya biashara. Meli za Salem, mji wa Massachusetts, zikawa zinaleta Zanzibar kitambaa cha viwanda vya kwao na kurudi na pembe za tembo na sandarusi. Watu wa pwani wakakiita merikani. Misafara ikakibeba kichwani mpaka Ujiji, kisha Nyangwe na Kasongo, kule Maniema, kwa majirani wetu. Njiani kilikuwa feza kabisa. Kilipimwa kwa shuka (yadi 2) ao doti (yadi 4), kikalipa chakula, hongo ya watemi na pembe. Kilinunua watu pia, tusifiche.

Sasa mwangalie. Vita ya ndani ya Marekani, 1861 mpaka 1865, ikakata ile pamba. Uingereza na Bombay wakashika soko. Lakini watu wakaendelea kusema merikani, hata kama kimefumwa India. Jina lilikuwa limeacha kuonyesha kitambaa kinatoka wapi, likabaki kuonyesha aina tu.

Leo pale Kadutu ni vilevile. Mama muuzaji anakuambia: "Hii kitenge ni Hollandais." Wax ya Uholanzi yenyewe inatoka Helmond, kwa Vlisco, kiwanda kilichoanza 1846 na kuiga batiki za Java. Nyingi tunazoziona sokoni zinatoka China. Muuzaji si lazima awe anadanganya: kwake Hollandais inaweza kuwa namna ya maua na rangi. Lakini kwenye orodha ya mahari neno hilo moja linapandisha bei sana, na linaweza kugombanisha familia mbili.

Kwa hiyo minawaambia vijana wanaojitayarisha kuoa: muandike jina la kiwanda, si jina la inchi peke yake. Muandike na yadi ngapi. Pièce nzima ni yadi 6. Musome maandishi ya pembeni mwa kitambaa. Na kwa sababu hata yale maandishi yanaigwa, muende sokoni na mama anayejua kupima kitenge kwa mkono.

Na kwenu, bibi yako anakiita namna gani kile kitambaa cheupe?