Unga wa Maua Unavyohifadhiwa Ili Kupata Kahawa Yenye Kinga

Mkulima yeyote wa kahawa katika Kiambu, Nyeri au Murang'a anajua jinsi shamba linavyogeuka baada ya mvua ya kwanza kunyesha. Vitumba vilivyokuwa vimelala matawini wakati wa kiangazi huamka, na baada ya siku 8 hadi 12 hivi shamba zima huwa jeupe, likinukia kama asumini. Lakini uzuri huo haudumu. Siku mbili tatu zikipita maua hunyauka na kupukutika, na mwenye shamba huanza kuhesabu miezi ya kungojea matunda.

Kwa mkulima siku hizo zatosha, kwa sababu kahawa ya arabika hujizalisha yenyewe: unga wa ua huangukia ua lile lile, na tunda likashika. Bali kwa mtaalamu atakaye kuoanisha miti miwili ili apate mbegu mpya, siku hizo ni chache mno. Huenda mti anaoutaka uwe baba umechanua mwezi wa Machi, na ule autakao uwe mama, ulio mahali pa juu penye baridi, haujafumbua hata ua moja. Huyu wa pili atakapoamka, wa kwanza umekwisha pukutika zamani. Hapo ndipo inapohitajiwa kazi ya kuhifadhi unga ule wa manjano hafifu, ambao wataalamu huuita chavua.

Wala jambo hili si mchezo wa maabara. Mwaka 1922 uligunduliwa nchini Kenya ugonjwa wa kuoza kwa buni, ambao wakulima huujua zaidi kwa herufi tatu za Kiingereza, CBD. Ni ukungu unaoshika tunda lingali changa na kijani, likaota doa jeusi lililobonyea, kisha likanyauka juu ya tawi au kuanguka chini. Katika mwaka wa mvua nyingi, shamba lisiponyunyiziwa dawa, ugonjwa huu waweza kuchukua zaidi ya nusu ya mavuno. Miti ya SL28 na SL34, ambayo ilichaguliwa na Scott Laboratories na kusifiwa kwa ladha yake, haina kinga ya kutosha. Mwenye shamba kubwa aliweza kununua dawa na mashine ya kuinyunyizia. Mwenye miti 200 nyuma ya nyumba yake ilimbidi achague kati ya dawa na karo ya mtoto.

Kinga ilikuwako, lakini ilikuwa imetawanyika. Mti uitwao Rume Sudan, ambao asili yake ni uwanda wa Boma kusini mwa Sudan ya zamani, una kinga nzuri lakini hauzai sana. Hibrido de Timor, uliopatikana katika kisiwa cha Timor baada ya arabika na robusta kuoana zenyewe bila kusaidiwa na mtu, una kinga ya namna nyingine. K7 nao una yake, ingawa si kali kama hizo mbili. Tangu mwaka 1971 wataalamu wa kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko Ruiru walijitia katika kazi ya kuzikusanya kinga hizi ndani ya mti mmoja, pasipo kuipoteza ladha ya SL28. Miti ya asili mbalimbali namna hiyo haiwezi kutazamiwa ichanue siku moja kama iliyopatana.

Basi chavua huwekwaje? Vitumba huchumwa vikiwa karibu kabisa kufumbuka, kabla nyuki na upepo havijavifikia. Vifuko vidogo vya unga hutolewa na kutandazwa juu ya karatasi safi, chumbani pasipo na upepo, mpaka vikauke na kupasuka vyenyewe. Unga hukung'utwa, ukatiwa katika vichupa vidogo, na kila kichupa hubandikwa jina la mti na tarehe. Kisha huwekwa ndani ya chombo kilichofungwa sana pamoja na dawa inayofyonza unyevu wa hewa.

Maji ndiyo adui mkubwa. Chavua yenye unyevu huendelea kupumua na kujila akiba yake, tena huota kuvu. Ikiwekwa katika baridi kali ingali na maji mengi, maji yale huganda yakawa chembe za barafu, nazo hupasua uhai wake kutoka ndani. Kwa hiyo hukaushwa kwanza, ndipo igandishwe. Mwaka 1977 wataalamu wawili wa Ruiru, Bwana Walyaro na Bwana van der Vossen, walichapisha matokeo ya majaribio yao: chavua ya arabika iliyowekwa katika vichupa vilivyoondolewa hewa, kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, iliweza kukaa hai zaidi ya miaka miwili. Ua la siku mbili, na unga wake wa miaka miwili!

Lakini si kila mmea unaokubali kutendewa hivyo. Mahindi, ambayo kila mtu amepata kuyaona yakimwaga unga kutoka kileleni, yana chavua dhaifu sana. Katika jua kali hufa kwa muda wa saa chache, na kuikausha ni kuiua. Ndiyo sababu wazalishaji wa mbegu za mahindi, wanapotaka kuoanisha aina mbili zisizokomaa pamoja, hupanda moja mapema na nyingine baadaye, ili zikutane shambani. Mtende kwa upande wake ni mvumilivu. Wakulima wa Oman na nchi za Ghuba wamezoea tangu kale kukausha mashada ya mtende dume na kuyaweka akiba mpaka majike yafumbuke, na kwao hakukuwa na mashine yoyote ya barafu.

Hatari nyingine ni kwamba chavua iliyokufa haina tofauti na iliyo hai ikitazamwa kwa macho. Kwa hiyo kabla ya kutumiwa, chembe chache hutiwa katika tone la maji ya sukari yenye asidi ya boriki kidogo, zikatazamwa kwa hadubini. Zilizo hai huchipua mrija mwembamba, nazo huhesabiwa. Atakayeiruka hatua hii aweza kupaka unga mfu juu ya maua mia, asilijue kosa lake mpaka matunda yakose kushika, na msimu umekwisha kupita.

Kazi ya shambani nayo ni ya mikono na subira. Siku moja kabla ua la mti mama halijafumbuka, petali zake huondolewa. Na kwa kuwa vijiti vya kiume vimeshikamana nazo, hutoka pamoja, likabaki la kike peke yake. Tawi huvikwa mfuko. Ua likiwa tayari, hupakwa chavua iliyotolewa katika kichupa, mfuko ukarudishwa, na kibandiko kikafungwa.

Matunda ya kazi hii yalionekana mwaka 1985, kahawa ya Ruiru 11 ilipotolewa kwa wakulima, yenye kinga ya CBD na ya kutu ya majani. Mti wake ni mfupi, na eka moja yaweza kuchukua kama 1,000. Lakini tunda moja la kahawa huwa na mbegu mbili tu. Kwa hiyo miche ya eka moja yataka maua yasiyopungua 500 yaliyopakwa kwa mkono, moja moja, hata kama hakuna lililoharibika. Tena mbegu zinazookotwa chini ya Ruiru 11 ya nyumbani hazifai, maana watoto wake hawafanani na mzazi. Kwa miaka mingi miche haikuwatosha wote walioitaka. Mwaka 2010 ilitolewa Batian, ambayo watoto wake hufanana na mzazi, na mbegu zake hupatikana pasipo kupaka ua kwa mkono.