Saa za Kusubiri (4): Kibarua, Bandari na Simu ya Nesi

Malalamiko ya wahudumu wa hospitali wanaoitwa usiku wakiwa nyumbani yamerudi magazetini. Mikataba na saa za ziada tulikwisha kuzieleza, sirudii. Leo niruhusuni nishuke bandarini Mombasa, maana suala hili lilianzia huko.

Neno "kibarua" tunalitamka kwa dharau, tukasahau kwamba ni barua ndogo: karatasi aliyopewa mtu wa kazi ya kutwa, aitoe apate ujira. Zama za utumwa, hata mtumwa alikodishwa kwa kutwa, ujira akagawana na bwana wake. Makuli wa bandari wakarithi utaratibu huo. Meli ikiingia, wanaitwa, isipoingia, wanakaa. Saa hizo za kukaa zilikuwa mali ya nani? Mwajiri alizihitaji, kwani asipowakuta watu langoni meli ingelala na shehena yake. Kuzilipa ndiko alikokukataa. Huo mimi nauita wizi, ingawa nakiri wako makuli walioupenda uhuru wa kuchagua siku zao.

Tarehe 13 Januari 1947 mji ulisimama. Watu wapatao 15,000 waligoma, wa bandari, wa reli, hata watumishi wa majumbani, wakawa wanakutana kwenye uwanja wa mpira walioubatiza Kiwanja cha Maskini. Jina lile lilisema kuliko hotuba. Chege Kibachia akawa sauti yao. Mwaka haukuisha, serikali ikamkamata na kumpeleka Baringo.

Nafasi inakwisha, na nesi bado hatujamfikia. Huyu ni jirani yangu: akiwa zamu ya kuitwa huoga simu ikiwa juu ya ndoo iliyofudikizwa mlangoni, na harusi ya binamu yake aliisikia kwa mbali tu. Je, yuko kazini? Mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri la mzimamoto wa Nivelles, Ubelgiji, aliyetakiwa kufika kituoni ndani ya dakika 8: kusubiri kwake nyumbani kulikuwa muda wa kazi. Kiasi cha malipo iliiachia sheria ya nchi.

Nesi naye ana wajibu. Akikubali zamu, simu asiizime, kileo asikiguse, akiitwa afike.

Basi wewe unayepewa karatasi ya zamu wiki hii, kabla hujatia saini uliza mambo mawili: nifike ndani ya dakika ngapi, na saa nisizoitwa zinalipwaje? Majibu yaandikwe.