Tusifunge Mlango kwa Mara ya Pili

Ikolo ni kata ya wilaya ya Kyela, katika bonde tambarare lililo kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Mwenye kufika huko kwa mara ya kwanza hupokewa na mashamba ya mpunga na kakao iliyoanikwa juani, na kwa mbali, upande wa mashariki, huiona milima ya Livingstone imesimama kama ukuta juu ya maji. Si mahali ambapo mgeni aliyetoka visiwani angetazamia kukuta mazungumzo marefu juu ya kompyuta. Hata hivyo mazungumzo hayo ndiyo niliyoyakuta, na ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Nilimkuta kijana mmoja, fundi wa kujifunza mwenyewe, ndani ya kibanda cha mabati. Mezani pake palikuwa na kompyuta mbili kuukuu, alizozifufua kwa vipuri vya nyingine tatu zilizokufa. Ukutani palikuwa na televisheni, juu ya paa mabamba ya umeme wa jua, na mlangoni ubao ulioandikwa kwa chaki saa za mpira na za filamu. Mchana huchaji simu za watu na kuzitengeneza zilizoharibika. Jioni huonyesha filamu na mechi kwa kiingilio kidogo. Usiku, watu wakishatawanyika, huwasha kompyuta zake na kujifundisha kuandika programu.

"Shikamoo mzee," alinisalimu bila kuinua macho kutoka kwenye simu aliyokuwa ameifungua.

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

"Kazi ipo, mzee, ila nimeambiwa nifunge."

Agizo lilitoka kwa kiongozi mmoja wa huko, ambaye sina haja ya kumtaja. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili: kwamba watoto hutoroka shule kwenda kutazama filamu, na kwamba filamu zenyewe huharibu maadili. Nilipomwuliza kijana jibu lake, hakuwa na hasira. "Kuhusu watoto sibishi, mzee," alisema. "Saa za shule nisiwapokee, hilo ni haki. Lakini nikifunga kabisa, hizi mashine zitaliwa na kutu, na mimi nitabaki kutazama kazi za wenzangu tu."

Maneno hayo ya mwisho yalinikaa moyoni, kwa sababu yana historia nyuma yake, na historia hiyo inawahusu viongozi wetu kuliko inavyomhusu kijana huyu.

Yafaa ikumbukwe kwamba Tanzania haikuchelewa kuijua kompyuta. Ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka minne tu baada ya Uhuru wa Tanganyika. Kufikia mwaka 1974 zilikuwapo chache nchini. Jaribio la kuziweka hesabu za Serikali katika mashine hizo lilikuwa limekwenda kombo, fedha nyingi zikapotea, na watumishi wakarudia vitabu na kalamu. Ndipo mwaka huo huo wa 1974 Serikali ilipopiga marufuku kuingiza nchini kompyuta pamoja na seti za televisheni, ila kwa kibali maalumu.

Tuwe na insafu tunapowahukumu waliotangulia. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda ghafla tangu mwaka 1973, ukame ulikuwa umeikumba nchi, na fedha za kigeni zilihitajika kununulia chakula. Fauka ya hayo, televisheni ilihesabiwa kuwa anasa ya wachache wa mjini, ilhali redio ilimfikia mkulima shambani mwake. Hoja hizo zilikuwa na uzito. Mwenye njaa hanunui kioo.

Lakini marufuku ya dharura ina tabia moja: dharura hupita, nayo hubaki. Masharti ya kompyuta yalilegezwa polepole katika miaka ya 1980. Upande wa Bara, vituo vya televisheni vya watu binafsi vilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na televisheni ya taifa ikazinduliwa rasmi mwaka 2000. Hasara kubwa ya kipindi hicho haikuwa mashine zilizokosekana, maana mashine hununuliwa siku moja. Hasara ilikuwa mafundi. Kijana aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1974 alikuwa na miaka 35 ilipofika 1994, na mikono yake ilikwisha kuzoea kazi nyingine. Fundi haagizwi kwa meli pamoja na chombo chake. Hukua hapa hapa, kwa kukosea na kurudia.

Hapa wasomaji wa visiwani watasema kwamba sisi tulishika njia nyingine. Ni kweli. Televisheni ya Zanzibar ilianza mwaka 1973, tena kwa rangi, ikiwa ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika kusini mwa Sahara. Afrika Kusini yenyewe, pamoja na utajiri wake wote, ilianza matangazo ya televisheni nchini kote mwaka 1976. Wazee wetu husimulia hadi leo jinsi majirani walivyokusanyika mbele ya kioo kimoja, mkubwa kwa mdogo, na jinsi habari iliyoonekana jioni ilivyojadiliwa barazani hadi asubuhi. Hiyo ni fahari yetu.

Hata hivyo tusijisifu kupita kiasi. Mlango wetu ulikuwa wazi, lakini je, tuliingia kama wenye nyumba au kama wageni? Tamasha la filamu la nchi za jahazi limekuwa likifanyika Unguja tangu mwaka 1998, na kila mwaka hutukumbusha kwamba wapo kwetu wenye uwezo wa kutengeneza picha. Siku nyingine za mwaka wengi wetu ni watazamaji. Kuwa na kioo ni jambo moja, na kujua kilichomo nyuma ya kioo ni jambo jingine. Kijana wa Ikolo amekwisha kukipita kioo, amefika nyuma yake akiwa na bisibisi mkononi.

Nilikaa jioni moja katika kibanda chake. Filamu ilikuwa ya kigeni, lakini sauti iliyosikika ilikuwa ya Mtanzania akieleza kwa Kiswahili kila tendo, akitia methali na mzaha palipofaa. Sanaa hii ilipata umaarufu nchini kwa Derek Gaspar Mukandala, ambaye wengi walimjua kwa jina la Lufufu. Hakuishia kutafsiri maneno, bali aliwafanya wahusika wa mbali waeleweke kwa mtazamaji wa Manzese na wa kijijini. Wapo waliodhani kwamba ni upuuzi. Mimi naona ni ushahidi kwamba wananchi wetu hawakukubali kukaa kimya mbele ya chombo kinachosema lugha wasiyoijua.

Jambo hilo hilo limefanyika katika kompyuta. Mwishoni mwa mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, ulitoa programu za ofisini zinazozungumza Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Maneno mengi tunayotumia leo bila kufikiri yalihitaji watu wa kuyatafuta na kuyapima. Chukua neno "kupakua". Kwa mama wa Ikolo ni kuutoa wali chunguni na kuutia sahani. Kwa mvuvi ni kuutoa mzigo mtumboni. Kijana anapomwambia mama yake kwamba amepakua somo kutoka katika mtandao, mama haelezwi zaidi. Anajua kwamba kitu kilikuwa mahali, na sasa kimefika mkononi. Lugha iliyo na hazina kama hiyo haina sababu ya kuogopa mashine.

Basi ni lipi linalowapasa viongozi? Kwanza, watambue kwamba sheria ya kuongoza vibanda hivi ipo tangu zamani. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 iliweka utaratibu wa vibali vya maonyesho ya hadhara na wa kuzikagua filamu zenyewe. Kiongozi anayeona mtoto wa darasa la nne kibandani saa nne asubuhi ana haki na wajibu wa kuchukua hatua. Na aweke saa, aweke umri, akague. Hayo ni malezi. Kufunga mlango kwa kufuli ni kukimbia malezi.

Pili, katika shule na ofisi zetu nyingi zimo kompyuta zilizofunikwa kwa vitambaa kwa sababu kifaa kimoja kimeharibika na hakuna wa kukitengeneza. Papo hapo, mtaa wa pili, yuko kijana anayefufua mashine kwa vipuri vya mizoga. Ni ajabu gani hii, mgonjwa na tabibu wakae jirani na wasijuane! Halmashauri ikimpa kijana kazi hiyo kwa malipo ya halali, na kumtaka awafundishe vijana wengine jioni mbili kwa wiki, kibanda kilichokuwa shutuma kitakuwa darasa.

Tatu, kijana naye ana deni. Filamu anazonakili ni jasho la watu, wakiwamo wasanii wetu wenyewe, na haki zao zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Nilimweleza hivyo waziwazi. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza aende wapi kulipia ili awe na amani. Swali hilo nawaachia wenye mamlaka, kwani mwananchi anayeuliza njia ya halali asizungushwe ofisi tano.

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, umefika hadi mpaka wa Malawi, huko huko wilayani Kyela. Serikali imetumia fedha nyingi kuufikisha mlango mpaka kizingitini mwa wananchi. Itakuwa jambo la kusikitisha iwapo mlango huo uliofunguliwa na taifa utafungwa na mtu mmoja kwa agizo la mdomo.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Kijana wa Ikolo angali mbichi, na mikono yake imekwisha kushika kazi. Mwaka 1974 tulifunga kwa sababu tulikuwa na dhiki. Leo tukifunga, tutawapa wajukuu wetu sababu gani?