Methadoni ni bure, nauli si bure: jinsi ya kupanga pesa za kliniki

"Nitumie 120 ya kliniki." Ujumbe kama huu ukiingia kwa simu yako kutoka kwa ndugu yako aliyekuwa kwa unga, unaukodolea macho kwanza. Mwaka jana aliomba pesa za dawa, zikaishia kwa maskani. Leo anaomba tena za dawa. Sasa utume ama usitume?

Uamuzi ni wako na familia yako. Sisi tunaweza kukuonyesha hiyo 120 inaenda wapi, kwa sababu watu wengi hudhani ni bei ya dawa. Sivyo. Katika kliniki za serikali, methadoni haiuzwi. Pesa zinazoliwa kila siku ni za barabara.

Tuanze na dawa yenyewe. Methadoni hutolewa kwa mtu mwenye uraibu wa heroini na dawa nyingine za jamii hiyo. Ni ya maji, anainywa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu wa afya, na inakaa mwilini siku nzima ikizuia arosto. Halewi nayo kama alivyolewa na unga; dozi ikishapatikana sawasawa anaweza kwenda kazini, kulea watoto, kulala usiku. Haimsaidii mtu wa pombe, bangi au miraa. Hao wana matibabu yao, kwa hivyo usimpeleke shemeji yako wa chang'aa kupanga foleni ya methadoni.

Kenya ilianza huduma hii Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi. Malindi ikafuata 2015, na leo kuna kliniki Mombasa, Kwale, Kisumu, Kiambu na kwingineko. Hulazwi. Unakuja, unakunywa, unarudi nyumbani. Kesho tena. Jumapili pia. Krismasi pia.

Hapo ndipo hesabu inauma. Tuseme nauli ni shilingi 60 kwenda na 60 kurudi. Kwa siku ni 120, na kwa mwezi wa siku 30 ni 3,600. Hapo mvua haijanyesha, na sote tunajua matatu hufanya nini mvua ikinyesha. Kwa kulinganisha tu, mchango wa chini kabisa wa SHA ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Nauli ya mwezi mmoja kufuata dawa ya bure ni sawa na bima ya mwaka mzima!

Na nauli ikikosekana? Siku moja, arosto inaanza kubisha hodi. Akikosa siku tatu mfululizo, kliniki haiwezi kumpa tu dozi yake ya zamani, maana mwili umeshaanza kupoteza uzoefu wake wa dawa na dozi ileile inaweza kumdhuru. Lazima apimwe upya, na mara nyingi anarudishwa chini kisha kupandishwa polepole. Hatari kubwa zaidi ni akirudi kwa unga na kutumia kiasi alichokuwa akitumia zamani. Watu hufa hivyo. Kwa hivyo 120 iliyochelewa si jambo dogo, hata kama kwa taarifa ya akaunti yako inaonekana kama pesa ya chai.

Sasa, kutuma. Wiki za mwanzo ndizo ngumu, kwa sababu dozi bado ni ndogo na tamaa bado ni kali. Wakati huo tungependelea utume kila asubuhi, ama usiku kabla ya kulala, kiasi cha nauli ya siku tu. Ndiyo, kutuma mara saba kunaweza kukugharimu ada zaidi kuliko kutuma mara moja kwa wiki, kwa hivyo angalia viwango kwanza. Lakini mkononi mwa mtu aliye siku ya tatu ya matibabu, 840 kwa mpigo ni majaribu. Akishatulia, badilisheni iwe kwa wiki, mkiwa mmekubaliana. Wapo wanaofikia kupewa dozi za kwenda nazo nyumbani kwa siku chache, na hapo nauli hupungua. Uamuzi huo ni wa daktari.

Njia nyingine ni kulipa boda wa mtaani moja kwa moja kwa nambari yake, mgonjwa apande tu. Inafanya kazi vizuri kama boda anaaminika. Lakini tafadhali usimnyang'anye mgonjwa PIN yake "ili kumsaidia". PIN ni ya mwenye laini, hata kama jana alikuwa akiuza sufuria za mama. Kama alishapoteza laini na kitambulisho, kama wengi walivyopoteza, anza na kitambulisho. Bila hicho hatuwezi kumrudishia laini, na usajili wa SHA kwa *147# pia utamshinda.

Jihadhari na mtu anayekuambia utume elfu tano kwa nambari yake ili "akuingizie" ndugu yako kwa methadoni. Njia ya kuingia hupitia mashirika ya jamii yanayohudumia watumiaji wa dawa za kulevya: wanamhoji, wanampa ushauri nasaha, anapimwa, kisha anapelekwa kliniki. Hakuna wakala wa kulipwa hapo.

Hospitali za kibinafsi ni hesabu nyingine. Huko unalipa daktari, vipimo na dawa, na ukitaka rihabu ya kulala unalipa kitanda pia. Kabla familia haijafungua mchango wa WhatsApp, omba bei kwa maandishi na uulize kama wana mkataba na SHA na ni kitu gani hasa kinalipiwa. Lipa kwa paybill au till yenye jina la hospitali, si kwa simu ya daktari. Jina likitokea kwa skrini, lisome kabla ya kuweka PIN, na usifute ujumbe wa malipo. Kukopa kwa simu ili kulipa amana ya rihabu tungekushauri uache mpaka uulize kliniki ya serikali kwanza. Mkopo wa simu hulipwa upesi, matibabu haya huenda miaka.

Kama hujui kliniki iliyo karibu nawe, piga 1192, nambari ya msaada ya NACADA. Ni bure, hata kama huna salio.