Ramani inaanika: Fainali tatu za Afrika, nyumbani hatujashinda hata moja

KWA Mkapa hatoki mtu. Ndiyo tambo yetu kila mgeni anapotua Dar. Sasa chukua ramani ya Afrika, kisha bandika juu yake fainali tatu za CAF ambazo Simba na Yanga wamecheza, mwaka baada ya mwaka. Kuna jambo linajitokeza ambalo kwenye ubishi wa kijiweni huwa linapotelea kwenye kelele.

Anza na 1993, Kombe la CAF. Simba wanakwenda Abidjan, wanatoka 0-0 na Stella. Kazi ngumu imekwisha, au ndivyo watu walivyodhani. Marudiano Dar es Salaam, Mnyama anakufa 2-0. Enzi hizo Mkapa haujajengwa.

Ukisogeza kidole, unapita miaka 30 mitupu mpaka Mei 28, 2023, Kombe la Shirikisho. Yanga wanalala 2-1 kwa USM Alger, tena kwa Mkapa. Juni 3 wanakwenda Algiers, Djuma Shabani anatupia penalti mapema, wanashinda 1-0. Jumla 2-2, kombe linabaki Algeria kwa sheria ya bao la ugenini. Wananchi wanarudi na ushindi mkononi, kombe hawana!

Miaka miwili tu baadaye, Mei 2025, ni zamu ya Simba tena. Wanapigwa 2-0 Berkane, Morocco. Marudiano yanachezwa Amaan, Zanzibar. Joshua Mutale anafunga mapema, matumaini yanafufuka, halafu dakika za nyongeza Berkane wanasawazisha. 1-1.

Hesabu sasa. Ugenini: sare, ushindi, kipigo. Nyumbani: kipigo, kipigo, sare. Kusema kweli, ile ya 2025 iliharibikia zaidi Morocco. Lakini hizo mbili za mwanzo, kombe lilitoka mlangoni kwetu.

Hakuna siri hapo, matokeo yote yaliandikwa magazetini. Tatizo ni kwamba yaliandikwa kila moja na siku yake. Ukiyapanga kwenye mstari wa miaka unaosogezwa kwa kidole, na ramani ambayo ukigusa Algiers inakufungulia picha na bao, msomaji anaona mwenyewe bila kusimuliwa.

Na wala si kazi ya mafundi wa kompyuta. Knight Lab ya Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, wanatoa bure programu mbili ambazo wanahabari wanazitumia: TimelineJS kwa ajili ya miaka, StoryMapJS kwa ajili ya ramani. Ile ya kwanza unaijaza kwenye jedwali la kawaida la Google. Mstari mmoja, tukio moja: tarehe, kichwa cha habari, maelezo mafupi, kiungo cha picha, video au sauti. Programu inapanga yenyewe.

Wenyewe wanashauri matukio yasizidi 20. Hapo ndipo sisi tutakwama, maana mwandishi wa Kibongo akipewa historia ya Simba atataka kuanzia 1936 na kila usajili humo humo. Itakuwa kitabu, na shabiki aliye kwenye daladala atakifunga.

Kingine, jedwali halikubali "miaka ile ya tisini". Linataka tarehe. Lazima mtu ainuke akafunue gazeti la siku hiyo.

Picha za 2023 na 2025 zimejaa kwenye simu zetu. Za 1993 zilipigwa kwa filamu, ziko maktaba za magazeti na kwenye albamu za watu. Waliokaa jukwaani siku ya Stella wapo, ila sasa ni wazee. Mmoja tu akikaa na mwandishi dakika tano, simu ikarekodi, sauti yake inaingia kwenye alama ya Dar es Salaam pale ramanini, chini ya yale mabao mawili.