Siku moja Kisangani: fuata maji, utaelewa mji

Wasafiri wengi wa kutoka Goma, Bukavu, Bunia ao Kindu wanapita Kisangani bila kuiona. Wanashuka ku avioni, wanangojea boti ya Kinshasa, siku inaishia mu chumba. Ni hasara, sababu siku moja inatosha kuona mambo makubwa ya mji huu, kama mtu anafuata maji. Maji ndiyo yaliweka mji pale.

Asubuhi: Wagenia

Kati ya Ubundu na Kisangani, mto unashuka maporomoko saba, yanaitwa Boyoma, kwa urefu wa kilomita karibu 100. Juu yake mto unaitwa Lualaba, ni ule ule unaopita Kindu. Chini yake ni mto Congo, na boti inaweza kuteremka mpaka Kinshasa, kilomita zaidi ya 1.700. Hapo katikati hakuna boti inayopita. Ndiyo maana mizigo ilisimama hapa, biashara ikaanza, mji ukakua.

Poromoko la mwisho liko upande wa mashariki ya mji, kwa wavuvi Wagenia. Wanasimika miti mirefu kati ya mawe, wanaifunga kwa kamba za porini, kisha wanatundika vikapu vikubwa vyenye mdomo mupana. Nguvu ya maji inasukuma samaki ndani, na hawezi kurudi nyuma. Mujiendee mapema, mbele jua halijakuwa kali. Bei ya kutembezwa na ya picha isikilizane mbele ya kuingia mu mutumbwi, hapana kisha.

Kwa kufika, kuna pikipiki na kuna toleka, baiskeli yenye kiti cha nyuma inayobeba watu. Jina lenyewe ni Lingala, maana yake "tupite".

Saa sita: katikati ya mji

Ku komini ya Makiso, kanisa kuu la Notre-Dame du Rosaire linaangalia mto. Soko kuu haiko mbali. Chakula cha kuomba ni lituma, ndizi za kutwanga, pamoja na samaki wa mto. Mu soko mtu atasikia Lingala na Kiswahili pamoja. Kiswahili kilifika hapa na misafara ya pembe na watumwa ya Tippu Tip, mutu wa Zanzibar, ambaye mwaka wa 1887 aliwekwa kuwa gavana wa eneo hili.

Saa nane: kumbukumbu

Patrice Lumumba alifanya kazi ya posta hapa, wakati mji ulikuwa ukiitwa Stanleyville. Mwezi wa 12 mwaka wa 1960 alikamatwa akiwa njiani kurudi hapa.

Kuna pia makaburi ya wahanga wa Vita ya Siku Sita. Mwezi wa 6 mwaka wa 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana mu mji wenyewe, raia wengi sana wakakufa. Mwaka wa 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Congo dola milioni 325 juu ya vita vyake mu inchi yetu, na Kisangani iko kati ya miji inayohusika. Hapa mgeni aende na heshima: familia nyingi zinaishi bado na kilio hicho.

Saa kumi: ngambo ya Lubunga

Mutumbwi unavukisha watu mpaka Lubunga, upande wa kushoto wa mto. Ndiko kuna gare ya reli ya Ubundu, kilomita 125, iliyojengwa kwa kuzunguka maporomoko. Mtu wa Maniema atatambua kipande cha njia yake ya zamani: boti toka Kindu, treni toka Ubundu, kisha boti tena. Mbele ya kuvuka, muulize wenyeji hali ya usalama, na mutu avae jile. Murudi mbele giza: kisha saa kumi na mbili jua linazama haraka.

Mambo matatu ya kukumbuka

Musipige picha za uwanja wa ndege, askari, daraja ao barrage ya Tshopo bila ruhusa. Mukamate feza ndogondogo, sababu chenji ni shida. Na anayengojea boti aulize ku bandari asubuhi, mbele ya kuanza matembezi: saa ya kutoka inaweza kugeuka, na boti haingoji mutu aliye Wagenia.