Tramu Kuukuu, Treni ya Mwakyembe na Kabati la Umeme

Oktoba 2012 wakazi wa pembezoni mwa Dar es Salaam walipata treni ya kuwapeleka mjini, na haikuchukua muda ikapewa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, Dk. Harrison Mwakyembe. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilitoka Stesheni ikapita Buguruni na Tabata hadi Ubungo Maziwa, eneo lililokuwa bado Kinondoni. Ya pili, ya TAZARA, ilikatiza vitongoji vya Temeke kuelekea Mwakanga. Vichwa na mabehewa hayakutoka kiwandani. Yalikuwa vyombo vikuukuu vilivyokarabatiwa na mafundi wetu.

Kufufua chombo cha reli kuna kazi zinazoonekana: kukata kutu, kuchomelea sakafu, kushona viti, kupaka rangi. Kazi hizo fundi mzuri wa mtaani Keko anaziweza. Uamuzi mgumu uko ndani ya kabati la umeme, pale mkono wa dereva unapogeuka kuwa nguvu kwenye magurudumu. Je, mitambo ya awali irudishwe kama ilivyokuwa, au ing'olewe na kuwekwa kompyuta?

Swali hilo linawahusu sana wanaofufua tramu, yaani magari ya reli ya barabarani. Dar haikuwahi kuwa na tramu ya umeme, ingawa pwani yetu haikuwa mbali na mambo hayo: Sultani Barghash alikuwa na reli ya kwenda Chukwani, Unguja, mabehewa yakivutwa kwanza na nyumbu, na Mombasa ilikuwa na toroli za reli zilizosukumwa na watu. Tramu na kichwa cha treni ya dizeli-umeme vina undugu mkubwa. Vyote viwili husukumwa na mota za umeme zilizofungwa kwenye ekseli.

Mota ya umeme mnyoofu ina tabia moja inayotawala kila kitu. Ikiwa imesimama, hunywa umeme bila kipimo. Tuchukulie mota ya volti 600 yenye ukinzani wa omu 0.3. Ukiiunganisha ghafla, itavuta ampea 2,000, na koili zake zitaungua. Ikishaanza kuzunguka, yenyewe huwa jenereta na kuzalisha volti zinazopingana na zile zinazoingia. Volti hizo zikifika 540, zinabaki 60 tu za kusukuma mkondo, na ampea hushuka hadi 200. Kwa hiyo kazi yote ya udhibiti ni kuilinda mota katika zile sekunde za mwanzo.

Mafundi wa mwishoni mwa karne ya 19 walipata jibu rahisi. Waliweka vikinza vya chuma njiani mwa umeme, na dereva akawa anaviondoa kimoja kimoja kwa kuzungusha mpini wa shaba. Kwanza mota mbili huungwa mfululizo, kila moja ikipata nusu ya volti. Mwendo ukishika, huungwa sambamba. Kwa vikinza pekee, karibu nusu ya umeme wa kuondokea huishia kuwa joto. Kwa mbinu ya mfululizo na sambamba, hasara hushuka hadi karibu theluthi. Mwaka 1936 Marekani ilianza kutumia tramu za PCC, ambazo zilikuwa na mtambo wa kuondoa vikinza kwa hatua ndogo ndogo, 99 katika aina moja, na abiria aliyesimama hakuyumba tena.

Kichwa cha dizeli-umeme hupita njia nyingine. Injini huzungusha jenereta, na mpini wa dereva, ambao kwa kawaida una hatua nane, huamua jenereta itoe nguvu kiasi gani. Volti huanza chini na kupanda, hivyo vikinza vikubwa vya kuondokea havihitajiki. Ila kontakta na relei, yaani swichi zake, na kaboni zinazoingiza umeme kwenye mota ni zilezile za ukoo wa tramu, nazo huchakaa vilevile.

Mfumo wa kisasa umebadilisha mchezo wenyewe. Treni ya Mchongoko, iliyoanza safari kwenye reli ya kisasa ya SGR Novemba 2024, hupokea volti 25,000 juu ya reli. Swichi za silikoni huukata umeme huo mara nyingi kila sekunde na kuupa mota mkondo geu wa kipimo kinachotakiwa. Mota zake hazina kaboni za kubadilisha. Gurudumu likiteleza, kompyuta hulipunguzia nguvu kabla dereva hajahisi. Ikifunga breki, mota huwa jenereta na kurudisha umeme kwenye waya.

Kwa faida hizo mtu angesema ng'oa vyote vya kale. Jiji la New Orleans, Marekani, linatufundisha kutulia kidogo. Njia ya tramu ya St. Charles, iliyoanza 1835, bado inatumia magari ya kijani yaliyoundwa na kampuni ya Perley Thomas mwaka 1923 na 1924, yakiwa na mpini na vikinza vyake. Mwaka 2004 jiji hilo lilifungua upya njia ya Canal kwa magari mekundu yenye sura ya kale na udhibiti wa kielektroniki. Agosti 2005 kimbunga Katrina kikaizamisha karakana ya magari mekundu. Ya kijani yalinusurika, na mwishoni mwa mwaka huohuo ndiyo yaliyobeba abiria wa Canal. Tuseme kweli: hayakuokolewa na uzee wake, yalikuwa yamelazwa mahali palipoinuka. Tofauti ilikuja kwenye matengenezo. Kikinza kilicholowa huoshwa, hukaushwa na kurudi kazini. Kadi ya kielektroniki iliyokunywa maji ya chumvi na tope haina tiba. Kuyarejesha magari mekundu yote kulichukua miaka.

Dar inaujua msiba huo. Mafuriko ya mto Msimbazi yameingia mara kadhaa kwenye karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani, na mwaka 2018 mabasi mengi yaliharibika. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mfumo gani ni bora, tuulize chombo kitalala wapi, na kikiharibika nani atakifungua.

Kwangu mimi, kichwa kinachobeba abiria wa pembezoni mwa Dar kila alfajiri kinastahili udhibiti wa kisasa. Mafuta ni ghali, kuteleza kwa magurudumu kunakula reli, na spea za relei za miaka ya 1970 zinazidi kuadimika. Lakini mkataba wa ukarabati uwe na michoro yote, programu ya kusomea hitilafu na kadi za akiba, vikabidhiwe kwa mafundi wa karakana ya reli ya Morogoro na si kubaki kwenye kompyuta ya mgeni. Mfumo usiofunguka hapa nchini utakisimamisha kichwa kizima kwa kosa la kadi moja.

Kwa kumbukumbu na mafunzo jambo ni jingine, na jirani zetu wamehifadhi cha kwao. Jumba la makumbusho ya reli Nairobi lina kichwa cha mvuke namba 5918 kiitwacho Mount Gelai, jina la mlima wa Tanzania, na kilirudishwa hadi kikatembea tena. Sisi hatujachelewa. Mashirika ya reli, TRC na TAZARA, kabla vichwa vilivyostaafu havijapelekwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, tengeni kimoja kila mmoja, kikiwa na udhibiti wake wa awali mzima. Vijana wa chuo cha usafirishaji cha NIT pale Mabibo na wa chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe walifungue kabati lake la umeme, wapime volti, wabadilishe kaboni, wakiwashe. Anayetaka kuitengeneza Mchongoko kesho aanzie hapo.